Baiskeli ya Mlimani: Jinsi ya Kuiunda Iwe Nyepesi na Yenye Shokapu Ndefu



Baiskeli tunayoifahamu vijijini ni ile ya chuma, yenye karia nyuma na kengele mbele. Inabeba gunia la mahindi, inabeba mgonjwa, inabeba mama na mtoto. Ukiinyanyua bila mzigo utaona ni nzito, kilo 20 hivi, na nyingine hupita hapo. Hatuilaumu. Imeundwa kwa kazi, na kazi inaifanya.

Ipo baiskeli nyingine iliyoundwa kwa kazi tofauti kabisa. Mwenye nayo hupanda mlima kwa nguvu za miguu yake, halafu huteremka mlima huo huo kwa kasi, juu ya mawe na mizizi. Gurudumu lake likigonga jiwe linaweza kupanda juu sentimita 16 bila mwendeshaji kurushwa. Na baiskeli nzima ina kilo 13 tu! Katika somo hili tutaona jinsi inavyoundwa.

Sasa wewe utauliza, hayo yananihusu nini mimi? Yanakuhusu. Baiskeli zenye shokapu zinauzwa sokoni miongoni mwa mitumba. Fundi asiyezifahamu anaweza kuumia wakati wa kuzifungua, au akamrudishia mteja baiskeli itakayovunjika mteremkoni. Hayo tutayaona karibu na mwisho.

ILIANZIA WAPI

Baiskeli hizi zilianzia Marekani, katika jimbo la California. Kaskazini ya mji wa San Francisco kuna wilaya iitwayo Marin, na humo kuna mlima Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu za chuma, zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nene. Walizipandisha mlimani, nyingine kwa gari, halafu wakashindana kuteremka.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano ya kwanza kwenye njia moja ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax. Njia hiyo inashuka karibu meta 400 kwa mwendo wa kilometa 3 na nusu hivi. Baiskeli zao zilikuwa na breki ya ndani ya habu, ile ya kukanyaga pedali kinyume. Wakifika chini, habu imepata moto mpaka grisi inatoka moshi. Ikabidi kufungua habu na kujaza grisi upya. Ndiyo maana mashindano yale yakaitwa Repack, yaani kujaza upya. Jina limebaki mpaka leo.

Mwaka 1977 kijana mmoja wa huko, Joe Breeze, aliunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya mlima, akatumia mabomba ya chuma bora. Baiskeli hiyo ya kwanza sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Lakini ilikuwa bado haina shokapu. Mwendeshaji alitumia magoti na viwiko vyake kuwa ndiyo shokapu. Mwaka 1989 Paul Turner, aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alianza kutengeneza foku yenye shokapu kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa na mwendo wa sentimita 5 hivi. Watu wengine waliicheka. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani yaliyofanyika Durango, Colorado, bingwa wa kuteremka alikuwa ametumia foku ya aina hiyo. Kicheko kikaisha.

SHOKAPU INAFANYA KAZI GANI

Chukua pampu ya baiskeli. Vuta mpini mpaka mwisho, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma mpini chini. Utaona unasukumwa nyuma. Upepo uliobanwa ndani ndio unaokusukuma. Basi hiyo ndiyo springi ya baiskeli nyepesi. Ndani ya foku hakuna springi ya chuma, kuna upepo tu. Springi ya chuma ni nzuri pia, na wengine wanaipenda kwa ulaini wake, lakini kwenye shokapu ya nyuma huongeza gramu 300 au zaidi. Upepo una faida nyingine: mtu mzito anaongeza, mtu mwepesi anapunguza. Springi ya chuma lazima uinunue nyingine.

Lakini springi peke yake haitoshi. Mwachilie mtu juu ya kitanda cha springi, atarukaruka kama mpira. Baiskeli ikirukaruka hivyo mteremkoni, tairi inaacha ardhi, na tairi iliyoacha ardhi haikati kona wala haifungi breki. Kwa hiyo ndani ya shokapu kuna mafuta pia. Gurudumu likipanda au kushuka, mafuta hayo yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Mfano wake ni bomba la sindano. Likijaa maji, hata ukisukuma kwa nguvu, yanatoka polepole kwa sababu tundu ni dogo. Nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto ndani ya mafuta, na baiskeli inatulia.

Mbele kazi ni rahisi, maana foku inasimama moja kwa moja juu ya gurudumu. Nyuma kuna mambo zaidi. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono inayozunguka kwenye beringi, kama mlango kwenye bawaba. Tuseme gurudumu linapanda milimita 160, wakati shokapu yenyewe inabonyea milimita 65 tu. Gawanya 160 kwa 65, utapata karibu 2 na nusu. Hii ni kanuni ya mtaimbo: unaposukuma ncha ndefu umbali mrefu, ncha fupi inasogea kidogo, lakini kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo shokapu ya nyuma inapokea nguvu mara mbili na nusu ya ile iliyopo kwenye gurudumu. Ndiyo sababu upepo wake ni mkali sana, mara nyingi hupita paundi 150, wakati tairi ya baiskeli hiyo hiyo ina paundi 25 hivi. Kumbuka tarakimu hizi mbili. Tutazirudia.

Kuna tatizo jingine la nyuma. Ukikanyaga pedali, mnyororo unavuta gurudumu, na baiskeli inataka kuzama kila unapokanyaga. Nguvu inapotea bure. Wahandisi walihangaika na jambo hili miaka mingi. Mmoja wao, Horst Leitner, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi California, aliweka kiungo kimoja mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu, chini yake, na kwa njia hiyo shokapu ikaendelea kufanya kazi vizuri hata mtu akiwa anafunga breki. Kiungo hicho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake.

HESABU YA GRAMU

Mtu anayetaka kuunda baiskeli nyepesi huanza na mizani, siyo spana. Kila kifaa anakipima kabla ya kukifunga. Hebu tupige hesabu ya baiskeli moja yenye mwendo wa shokapu wa milimita 160 mbele na nyuma.

Fremu ya kaboni pamoja na shokapu yake: gramu 3,000.
Foku: gramu 1,900.
Magurudumu mawili bila tairi: gramu 1,700.
Tairi mbili: gramu 2,000.
Vilivyobaki vyote, yaani krenki, mnyororo, gia, breki, usukani, kiti na nguzo yake, pedali na maji ya kuziba pancha: gramu 4,600.

Jumlisha. Utapata gramu 13,200, yaani kilo 13 na gramu 200. Baiskeli ya kawaida ya aina hiyo, iliyonunuliwa dukani bila kuchagua vifaa, huwa na kilo 15 au 16.

Je, kilo 3 hizo zinasaidia nini? Tuseme mwendeshaji na nguo zake na maji yake ana kilo 80. Akiwa na baiskeli ya kilo 16, mzigo wote ni kilo 96. Akiwa na ya kilo 13, mzigo ni kilo 93. Amepunguza mafungu 3 katika 96. Mlima uliokuwa ukimchukua saa nzima kuupanda, sasa ataupanda kwa dakika 58 na kidogo. Dakika mbili, basi! Na baiskeli hizi huuzwa kwa dola elfu kadhaa, nyingine hupita dola 8,000. Mimi naona wengi wa wanunuzi wangefika haraka zaidi kama wao wenyewe wangepungua kilo 3. Lakini kwa mwanamashindano dakika mbili ni nyingi, na baiskeli nyepesi pia ni rahisi kuigeuza na kuiinua juu ya gogo.

WAPI UPUNGUZE, WAPI USIGUSE

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kupunguza uzito ni rahisi, unanunua tu kifaa chembamba. Kazi ni kujua kifaa gani kikivunjika utaanguka, na kipi kikivunjika utarudi nyumbani kwa miguu.

Kosa baya kuliko yote ni kuchukua fremu nyepesi iliyoundwa kwa foku fupi, ya milimita 120, kisha kuifunga foku ndefu ya milimita 160. Kwa macho inapendeza. Lakini foku ni mtaimbo unaosukuma shingo ya fremu, na mtaimbo ukirefuka, nguvu kwenye shingo inaongezeka. Zaidi ya hayo, kila milimita 20 unazoongeza mbele zinalaza usukani nyuma kwa karibu digrii moja, na baiskeli inabadilika tabia. Shingo ya fremu ikikatika mteremkoni, mtu anatua kwa uso. Kwa hiyo anayetaka shokapu ndefu sharti aanze na fremu iliyoundwa kwa shokapu ndefu, hata kama ina gramu mia kadhaa zaidi.

Tairi nazo usizichezee sana. Ipo tairi ya gramu 700 na ipo ya gramu 1,000. Ukichagua nyepesi, unapunguza gramu 600 kwa tairi mbili mara moja, na unalisikia jambo hilo miguuni, kwa sababu uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu ni mgumu kuliko mwingine kuuanzisha kuzunguka. Lakini ubavu wa tairi nyepesi ni mwembamba, jiwe kali linaupasua. Bora kupunguza ndani ya tairi. Siku hizi tairi hizi hazina mpira wa ndani. Rimu imezibwa vizuri, ndani yake humiminwa maji ya utomvu wa mpira, kiasi cha kikombe kidogo. Mwiba ukitoboa, upepo unasukuma utomvu kwenye tundu, unaganda, na safari inaendelea. Mpira wa ndani una gramu 200 hivi, na utomvu una gramu 100. Umepunguza uzito na umepunguza pancha. Hilo ni jambo zuri sana.

Breki zisipunguzwe. Baiskeli hizi zina breki za sahani, yaani sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu, inabanwa na vibao viwili kwa nguvu ya mafuta. Sahani ya milimita 200 ni nzito kuliko ya milimita 160, lakini inapoa haraka. Kumbuka moshi wa Repack.

Kwenye gia unaweza kupunguza bila hofu. Zamani baiskeli hizi zilikuwa na meno ya duara mbili au tatu mbele, na chombo cha kuhamisha mnyororo. Sasa mbele ni duara moja tu, na nyuma ni duara 12, kutoka meno 10 mpaka 52. Mbele meno 32, nyuma meno 52: ukizungusha pedali mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Linasogea meta moja na nusu hivi, na mlima mkali unapandika. Hesabu meno ya baiskeli yako. Kama mbele kuna 44 na nyuma 18, kila mzunguko wa pedali unakupeleka meta 5 na zaidi. Ndiyo maana kwenye mlima unashuka na kusukuma.

KABONI NI KITU GANI

Chuma kinachojaza chombo cha lita moja kina kilo 8 hivi. Alumini ya ujazo huo ina kilo 2 na gramu 700. Kaboni ina kilo 1 na gramu 600 tu. Kaboni siyo madini yanayoyeyushwa. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimepangwa kama kitambaa, zikalowekwa gundi, zikapangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, halafu zikapashwa moto mpaka zikakauka. Kila mwanamke anayesuka mkeka anajua kwamba ukili una nguvu ukiuvuta kwa urefu, na hauna nguvu ukiupasua kwa ubavu. Kaboni ni hivyo hivyo. Mhandisi huelekeza nyuzi upande ule ambao nguvu itapita. Pale penye nguvu kubwa anaongeza tabaka, penye nguvu ndogo anapunguza. Chuma chenyewe hakikupi nafasi hiyo.

Ubaya wake ni kwamba kaboni haipendi kubanwa. Ukikaza nati kupita kiasi, chuma kinajipinda na kukuonya. Kaboni inapasuka ndani kimya kimya. Kwa hiyo kila nati ina kipimo chake, kimeandikwa pembeni, kwa mfano 5 Nm. Maana yake ni hii: shika spana yenye urefu wa sentimita 10, ning'iniza mzigo wa kilo 5 kwenye ncha yake. Nguvu hiyo ndiyo 5 Nm. Siyo nyingi, ni ya vidole, siyo ya bega. Mafundi wa huko wana spana maalumu inayolia tiki kipimo kikifika.

KUIPIMA BAADA YA KUFUNGA

Baiskeli ikishafungwa, mwenyewe huvaa nguo zake zote za safari, hupanda na kusimama juu ya pedali bila kurukaruka, huku mwenzake amemshikilia. Kwenye bomba la foku na kwenye shokapu kuna pete ndogo ya mpira. Pete husukumwa mpaka chini. Akishuka polepole, pete inabaki pale shokapu ilipofikia. Mbele inatakiwa kuzama karibu asilimia 20, yaani milimita 32 kati ya 160. Nyuma asilimia 30, karibu milimita 20 kati ya 65. Ikizama zaidi, ongeza upepo. Ikizama pungufu, punguza. Pampu yake ni ndogo na ina saa ya kusomea, maana chumba cha upepo ni kidogo sana na pampu ya tairi haiwezi kukipima sawasawa.

Kuzama huku siyo kosa. Gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka kwenye shimo, siyo kupanda juu ya jiwe tu.

KWA NDUGU FUNDI WA KIJIJINI

Akija mteja na baiskeli ya mtumba yenye shokapu, kwanza itazame. Bomba linalong'aa la foku likiwa na kutu au mikwaruzo, mafuta yatavuja. Shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ikigonga, kuna kitu kimelegea. Fremu ya alumini itazame kwenye viungo vilivyochomelewa, nyufa huanzia hapo. Fremu ya kaboni igongegonge polepole kwa sarafu: penye uzima panalia kikavu, penye ufa panalia kama kibuyu kibovu.

Usichomelee kaboni. Haiyeyuki, inaungua. Na alumini usiichomelee kwa mashine ya kawaida ya mageti; inataka mashine na vijiti vyake, na fremu nyingi zinahitaji kupashwa moto upya kwa kipimo ili nguvu irudi. Ukikata kaboni kwa msumeno, ziba pua na mdomo, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

La hatari zaidi ni shokapu ya upepo. Usiifungue kabla ya kutoa upepo wote kwenye valvu, polepole. Nilisema tarakimu zile tutazirudia: tairi paundi 25, shokapu zaidi ya paundi 150. Kifuniko kikiruka kwa nguvu hiyo kinavunja meno na kutoa jicho. Na ukikuta shokapu imebonyea na haitaki kurudi, hata baada ya kutoa upepo, iache kabisa. Ndani huenda kuna upepo umenaswa upande wa pili. Nyingine zina chumba cha gesi ya naitrojeni ambacho hakifunguliwi bila vyombo vyake.

Mwisho ni mafuta ya breki. Breki nyingine hutumia mafuta ya breki kama ya gari, yaliyoandikwa DOT. Nyingine hutumia mafuta ya madini. Hayachanganywi. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa, pengine mteremkoni. Soma maandishi yaliyo juu ya breki kabla ya kufungua chupa.

MASWALI

1. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma ya baiskeli yako. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi?

2. Shokapu yenye mwendo wa milimita 60 inatakiwa kuzama asilimia 30. Ni milimita ngapi?

3. Spana yako ina urefu wa sentimita 20. Utaning'iniza kilo ngapi kupata 5 Nm?

4. Mteja anataka umfungie foku ndefu kwenye fremu ya foku fupi. Utamjibu nini?

Jibu la swali la 2: milimita 18. Jibu la swali la 3: kilo 2 na nusu.